Posa ya Dakika ya Nane

Kitanda ndicho kilichonipa habari kwamba ninaolewa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya pili tangu nirudi Kilwa Kivinje kutoka Ujerumani. Nilikuwa nimekaa kizingitini kwa baba, kikombe cha chai mkononi, usingizi wa safari bado umenijaa machoni, mara guta la magurudumu matatu likasimama mbele ya nyumba. Juu yake kitanda cha mninga, kipana, upande wa kichwani kimechongwa maua, na karatasi imebandikwa kwa selotepu: BI HARUSI KAZIJA.

"Hodi! Kitanda kiingie chumba gani?" akauliza mwenye guta.

Nikacheka. Wallahi nikacheka. "Umepotea, kaka. Hapa Kazija ni mimi peke yangu, na mimi siolewi."

Yule bwana akanitazama, akaitazama karatasi yake, akanitazama tena. "Dada, nimeambiwa kwa Mzee Abdulwahab, muuza nyavu. Siyo hapa?"

Kabla sijajibu, shangazi yangu Mwanaidi akatoka uani mbio, kigelegele kimemtangulia. "Kiingizeni, kiingizeni! Mashallah, kitanda hicho! Kazija, ondoka mlangoni, bi harusi hakai mlangoni!"

"Shangazi, bi harusi nani?"

"Usinitanie asubuhi yote hii."

"Sikutanii. Nani anaolewa?"

Kigelegele kikamkatikia mdomoni. "Si wewe? Wewe na Bakary wako?"

Ngoja nieleze, maana hata mimi nilihitaji kuelezwa. Bakary tulipendana tangu kidato cha tatu. Ni fundi wa mashine za boti, ana karakana yake karibu na soko la samaki, mikono yake haiishi mafuta, na macho yake, ah, macho yake tuyaache. Nilipopata ufadhili wa kusoma sayansi ya mazingira Ujerumani alinisindikiza mpaka Dar, akaniambia atanisubiri. Miezi yote tukawa tunaongea kila siku. Halafu mwezi wa mwisho kabla sijarudi mwenzangu akakauka. Namwandikia kurasa nzima, ananijibu "sawa". Nampigia, ananiambia "tutaongea ukija". Nililia kwenye kile chumba changu cha Bremen mpaka jirani yangu Mjerumani akabandika karatasi mlangoni kuniomba kwa adabu nilie kabla ya saa nne usiku. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ana mwingine. Kumbe huyo mwingine ni mimi.

"Hakuna aliyeniuliza," nikasema.

"Hee! Nimekuuliza mimi kwa mdomo wangu!" Shangazi akachomoa simu kifuani. "Tena ukasikiliza. Alama si hizi hapa, buluu?"

Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Jumbe za Shangazi Mwanaidi ukoo mzima tunazijua. Anaanza na salamu za mtaa, nyumba kwa nyumba, kisha nani kafa, nani kajifungua, nani kagombana na nani kisimani, na kama lipo jambo la maana litakuja mwishoni, ukiwa umeshachoka. Ujumbe ule ulinikuta nimesimama kwenye korido, nasubiri kuingia kwenye mtihani wa takwimu niliokuwa nimeshaufeli mara moja. Kule ukiufeli mtihani mara ya tatu unafutwa chuo, hakuna cha kubembeleza. Nikasikiliza dakika mbili, mpaka kwenye mazishi ya jirani, nikazima. Nikasema nitamalizia baadaye. Sikumalizia.

Sasa tukausikiliza wote: mimi, shangazi, na mwenye guta ambaye alikuwa ameegemea kitanda na haraka yote imemwisha. Ilipofika dakika ya nane, shangazi wa kwenye simu akashusha sauti.

"Sasa mwanangu, kuna jambo. Wazee wa Bakary wameleta posa. Baba yako kapokea barua, anangoja neno lako. Ila wana sharti lao. Harusi ikishapita, habari ya Ulaya iwe basi, ukae na mumeo. Mie nakuuliza kwa niaba ya baba yako. Kama hutaki, niambie, hapana atakayekulazimisha. Kama unataka, mie nakujua aibu zako, wewe nyamaza tu. Nakupa siku saba."

Mwenye guta akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Dada, kumbe ulinyamaza?"

"Na wewe nyamaza!"

Kwetu mwali akiulizwa habari ya posa hajibu. Anainamisha uso, shangazi anakwenda kusema "kanyamaza", wazee wanasoma fatiha na mambo yamekwisha. Asiyetaka ndiye anayefungua kinywa. Ndivyo alivyoolewa marehemu mama, ndivyo alivyoolewa shangazi mwenyewe. Mimi sikunyamaza siku saba tu, nilinyamaza wiki tano, nikiwa Bremen nakokotoa takwimu, na kila siku niliyokaa kukokotoa nilikuwa nazidi kukubali.

Baba akatokea kwa zile kelele, miwani kwenye paji la uso, kipande cha wavu begani. Nikamgeukia yeye.

"Baba, mbona hukunipigia mwenyewe?"

"Nikupigie nikuulize kama unamtaka mwanamume? Mimi baba yako?" Uso ulimbadilika kwa haya, akaanza kuukunja wavu ambao haukuhitaji kukunjwa. "Hiyo ni kazi ya shangazi yako. Kaja kaniambia umenyamaza. Nikafurahi, maana kijana namjua. Nimeshatoa neno, Kazija. Fatiha imesomwa. Jumatatu unaingia ndani, unasingwa kwa liwa wiki mbili, halafu harusi."

"Wiki mbili ndani! Baba, nina viwanja sitini vya mikoko vya kupima. Maji yanatoka mbali siku za bamvu tu, wewe unajua. Nikikosa bamvu hii na ile inayofuata sina cha kuandika. Nisipoandika, sina shahada."

"Shahada ya nini tena? Si umekubali kubaki?"

Nilitamani nikipige kichwa changu kwenye kile kitanda.

*

Saa sita nilikuwa topeni. Shangazi alinifuata mpaka mwisho wa mtaa akipiga kelele kwamba bi harusi haendi kwenye mikoko, ngozi itaungua, watu watasema. Waseme. Nilikuwa na miadi na Getrude, afisa misitu, binti wa wakulima wa Rutamba aliyekulia kwenye vilima vya mihogo na ufuta na anayelichukia tope kwa moyo wake wote, lakini rafiki ni rafiki.

Kazi yenyewe ni hivi: unatandaza kamba mraba wa mita kumi kwa kumi, kisha unapima kila mkoko uliomo, unene, urefu, mmoja mmoja, unaandika. Siku hiyo nilipima vibaya mara tatu.

"Kazija, huu umeniandikisha sentimita mia nne," Getrude akasema. "Huu ni mti au tangi la maji?"

"Futa."

"Nimeshafuta mpaka karatasi imetoboka. Nenda kaongee na huyo bwana, urudi ukiwa na akili."

Sikuhitaji kwenda. Alikuwa anakuja mwenyewe, suruali kaikunja mpaka magotini, ndala moja mguuni, nyingine imeshabaki kwenye tope. Getrude akamtazama, akanitazama, akaokota daftari lake. "Mie nakwenda kuhesabu miche kule. Nahesabu polepole."

Bakary akasimama hatua tano mbele yangu. Miezi kumi na moja sikuwa nimemwona. Amekonda kidogo, amefuga ndevu zinazompendeza, na nilipomwona tu nilitaka kumkimbilia na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa pamoja. Nikainama, nikachota tope, nikamrushia. Likamtua kifuani.

"La nini hilo?"

"La 'sawa'. Nina jingine la 'tutaongea ukija'."

"Mama alinikataza, Kazija. Posa ikishapokelewa, mchumba haongeleshwi mpaka ndoa. Hata hapa sitakiwi kuonekana. Nimekuja kwa sababu nimesikia umekataa kitanda."

"Sikukikataa. Kiko ukumbini, baba amekikalia."

"Kwa hiyo unakitaka?"

"Kitanda nakitaka. Na wewe nakutaka, mjinga wewe. Nakutaka mpaka chakula hakipiti. Mwezi mzima nimekuwa kama mwehu, najiuliza nimekukosea nini." "Sharti ndilo silitaki. Nani kaliweka?"

Akayatazama maji yaliyotuama kwenye mizizi. "Wazee."

"Wazee gani? Wazee wana majina."

"Ni mama, nani tena? Unamjua mama. Anasema mke wa mwanawe hawezi kukaa Ulaya peke yake."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini mbele ya wazee?"

"Ungesema, 'Mama, kabakiza mwaka mmoja.' Maneno manne, Bakary!"

"Shangazi yako kaleta habari kwamba umenyamaza. Wallahi nilishangaa. Lakini nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikasema, kumbe ananipenda kuliko hivyo vyuo vyake."

Hayo yalinichoma kuliko yote. "Miaka sita unanijua. Nikijikata na kisu jikoni mtaa mzima unasikia. Leo niambiwe niache masomo, halafu ninyamaze? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza."

"Ukajijibu nini?"

"Nikaona afadhali nisijijibu." Akasogea hatua mbili. Akanyoosha mkono, akanifuta tope kwenye shavu kwa kidole gumba, na kile kidole kilinukia petroli kama siku zote. Mapigo ya moyo wangu nadhani hata Getrude kule aliyasikia. "Mwaka mmoja, Kazija. Unajua mwaka ulivyo mrefu hapa? Nafungua simu nakuona umesimama kwenye theluji, unacheka na watu nisiowajua."

"Nilikuwa sicheki! Meno yalikuwa yanagongana!"

Akacheka. Nami nusura nicheke, nikakumbuka kwamba nimekasirika.

"Unadhani kule nilikuwa nastarehe?" nikasema. "Nimepanga foleni ofisi ya wageni tangu alfajiri, barafu mpaka kwenye kope, nafika dirishani naambiwa fomu moja haina sahihi, rudi mwezi ujao. Nimefuturu peke yangu kwa mkate mkavu, simu imeegemezwa kwenye sufuria ili nikuone ukila futari kwenu. Bibi mzima mwenye mvi kanigombeza mbele ya watu kwa sababu nimetupa kifuniko cha mtindi kwenye pipa ambalo silo. Profesa ananitaka viwanja sitini, hataki hamsini na tisa. Ule mtihani nimeupita, Bakary. Nimeupita, na sikuwa na wa kumwambia kwa sababu wewe ulikuwa unaniandikia 'sawa'. Sikuvumilia yote hayo ili mambo yangu yakaishie kwenye dakika ya nane ya simu ya shangazi."

Akajikwangua tope la kifuani. "Kazi za mazingira si zipo hata hapa?"

"Bila shahada, kazi ya mazingira nitakayopewa ni kufagia soko."

"Sasa mimi nikuoe, halafu nilale na simu?"

"Mwaka mmoja!"

"Kila anayeondoka anasema mwaka mmoja."

Tukabaki tunatazamana, kila mtu na hasira zake, na maji yameshaanza kurudi taratibu kwenye vifundo vya miguu yetu. Yeye ndiye aliyeyaona kwanza.

"Maji yanajaa. Twende."

"Nenda wewe. Mimi nina mikoko minane haijapimwa."

"Ongea na baba yako basi."

"Baba kashatoa neno. Nitakwenda kuongea na mama yako."

Rangi ikambadilika. Niliiona ikibadilika, na sikuelewa. "Usiende kwa mama."

"Kwa nini?"

"Usiende tu. Niachie mimi hilo."

"Nimekuachia mwezi mzima," nikamwambia, nikageuka kuutafuta mwisho wa kamba yangu.

*

Njia nzima nilikuwa nampangia Bi Zuwena, mama yake Bakary, maneno. Makali, lakini ya heshima. Nilikuwa nimeshamwona kichwani, amekaa kitako na kanga zake, anamkalia mwanawe kichwani, ananipokonya maisha yangu kwa kuwa tu anataka mtu wa kumpikia. Nilimchukia, niseme ukweli. Kutoka kwenye mikoko mpaka mlangoni kwake nilimchukia kwa kila hatua.

Nilimkuta kwenye mkeka, anadarizi kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Akainua uso, akapigwa na bumbuwazi. "Jamani! Bi harusi huyu! Tope mpaka magotini, hata miguu hujanawa? Kaa basi, kaa, nikuletee maji."

"Sikai, mama. Nina neno moja tu, niliseme kabla sijashindwa."

Akaweka kofia mapajani. "Haya, sema."

"Mama, mimi nakuheshimu. Sijawahi kukuvunjia adabu tangu nikiwa na sare za shule. Lakini hilo sharti lako limenivunja moyo. Mwaka mmoja tu umebaki. Nimesoma kwa taabu, na wewe ni mwanamke mwenzangu. Sikutegemea kwamba wewe ndiye utakayenifungia mlango."

"Sharti langu lipi?"

"La kuacha masomo."

Akachomeka sindano kwenye kitambaa, polepole. "Nani kakwambia ni langu?"

Nilimwona akielewa, na kile alichokielewa kikamuumiza, akageuza uso upande wa uani kwa muda.

"Mimi nilitolewa shule darasa la tano, Kazija," akasema. "Nilikuwa wa pili darasani. Baba akasema inatosha, mchumba keshapatikana. Mpaka leo nikipita pale shuleni, watoto wakiwa wanaimba hesabu zao, natembea upesi. Nikufanyie wewe hivyo? Mimi?"

"Mama, Bakary kaniambia..."

"Barua ile iliandikwa hapa hapa, juu ya mkeka huu. Nikasema mwacheni mtoto wa watu amalize, mwaka si mwingi, waoane aende arudi. Wazee wakakubali. Huyo mwanangu ndiye aliyesema hapana, sharti liandikwe. Tena kasema lisipoandikwa, posa isiende." Akaichukua kofia, akaitazama, akairudisha. "La kutoongea na wewe ndilo langu, hilo siruki. Ndivyo desturi. Lakini hilo jingine, mwanangu, usinipe mzigo usio wangu."

Nikakaa pale pale kwenye mkeka wake safi, na tope langu lote.

"Nisamehe, mama."

"Wewe huna kosa. Nina mtoto mwoga tu. Tangu kaka yake Khamisi aachwe na yule mchumba aliyekwenda Maskati, huyu akisikia ndege anaona kama msiba." Akanishika mkono. "Usimchukie."

Simchukii. Hilo ndilo lililonifanya nilie. Ingekuwa rahisi kweli kama ningemchukia.

*

Baada ya adhuhuri karakana yake huwa haina watu. Mashine tatu zilikuwa zimening'inizwa kwenye boriti, ya nne ameifungua tumboni, vyuma vyake vimepangwa juu ya gunia. Aliponiona mlangoni hakuuliza kitu. Akaiweka chini spana.

"Umekwenda," akasema.

"Nimekwenda."

"Kazija, nilikuwa nataka kukueleza."

"Lini? Mtoto wetu wa tatu akizaliwa?"

"Niliogopa."

"Ungeniambia umeogopa! Basi si ungesema tu, 'Kazija, naogopa hutarudi.' Ningekaa na wewe pale topeni nikakubembeleza mpaka maji yakatufika shingoni. Unadhani mimi siogopi? Kila ukikaa siku moja bila kuandika, naogopa. Lakini mimi hofu yangu sikuiandika kwenye barua nikaifanya sheria ya kukufunga wewe."

"Nilijua nikikuuliza mwenyewe utakataa."

"Kwa hiyo ukaona niulizwe na simu."

Akainama. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta mikono, kidole kimoja kimoja, na mafuta hayatoki, na yeye anaendelea kufuta. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Nitaliondoa," akasema. "Leo hii hii. Nakwenda kwa wazee, nawaambia sharti limefutwa, niliweka mimi, na mama hakuhusika. Nitamwomba radhi mama. Wewe kapime mikoko yako, nenda ukamalize, mwaka, miaka miwili, nitakaa hapa." Akakitupa kile kitambaa. Akanisogelea, akasimama karibu kabisa, bila kunigusa. "Na nakuuliza mimi mwenyewe. Si wazee, si shangazi yako. Mimi. Kazija binti Abdulwahab, utanikubali niwe mumeo?"

Miaka sita nimelingoja swali hilo. Nimelifanyia mazoezi kitandani, nimelifanyia mazoezi kwenye tramu ya Bremen mpaka nikapitiliza kituo. Kuna jibu nililokuwa nimelipanga la kumtania kidogo kwanza, halafu ndiyo nikubali. Kuna jingine la kulia. Na hapo sasa limekuja lenyewe, bila sharti, kutoka mdomoni mwake, na mwili wangu wote ulikuwa unasema ndiyo. Angeliuliza saa sita mchana, pale topeni, asingelimaliza kabla sijasema ndiyo.

"Bakary," nikasema. "Sharti ningekusamehe."

"Asante, mpenzi wangu, mimi..."

"Ngoja. Hata hofu ningekusamehe. Lakini mchana huu nilikuuliza ni nani, tena nikakutazama usoni, ukanitajia mama yako. Ukaniacha niende mpaka kwake, na tope langu, nikamsute mama wa watu kwa jambo lililofanywa na wewe. Nilimchukia, Bakary. Nilimchukia mwanamke aliyenitetea. Na wewe ulijua, ukaniambia 'niachie mimi'."

"Sitarudia. Naapa."

"Pengine kweli hutarudia. Lakini nitakuwa kule, mbali, na wewe hapa, na kati yetu hakuna kitu ila maneno tu. Utaniambia 'sawa', nami nitakaa nijiulize hiyo sawa ni ya nani. Nitamuuliza nani? Nimuulize mama yako kila jioni kama mwanawe kanidanganya?"

"Kazija."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

Hata mimi sikujua aniiteje. Nikashika nguzo ya mlango. Nje mtu alipita akatusalimia, tukamwitikia wote wawili, vizuri tu, kama watu wasio na neno, na alipopita tukabaki tunatazamana tena.

"Nijibu basi," akasema. "Nimekuuliza."

Nililazimika kuanza mara mbili. "Hapana."

"Hapana ya leo, au hapana kabisa?"

"Ni hapana, Bakary. Usiigawe."

Akaketi juu ya sanduku la vifaa, akafunika uso kwa ile mikono yake ya mafuta, na mabega yakaanza kumcheza. Nimempenda mtu huyu tangu nina miaka kumi na saba na sijawahi kumwona akilia. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinanisukuma nirudi ndani, nimkumbatie, nimwambie basi yaishe. Nikaondoka kabla miguu haijanisaliti.

Baba alikuwa dukani kwake, anampimia mteja kamba. Nikasubiri mteja aondoke. Nikasimama mbele ya meza yake, ana kwa ana, nikamwambia baba yangu jambo ambalo binti wa Kivinje hamwambii baba yake.

"Baba, nampenda Bakary. Na simkubali. Nakuomba ukawaambie wewe mwenyewe, leo."

Akavua miwani. Nilidhani atafoka, fatiha imeshasomwa, watu wameshaambiwa, aibu itakuwa yake. Hakufoka. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nirudi, tope lililokaukia miguuni, macho yaliyovimba.

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina, baba. Sina hata kidogo. Lakini ndilo jibu langu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingiza nyavu zilizokuwa nje, akafunga duka mapema, akavaa kofia yake, akashika njia ya kwao Bakary. Nilisimama kibarazani nikimwangalia akitembea polepole, mpaka alipokaribia kukata kona, na nusura nimkimbilie nimrudishe.